Kusubirishwa kwenye laini: mwongozo kwa dalali anayehangaika na simu za shoti seli

Dakika 52. Simu iko lauspika, chai imeshachemka na kupoa, imeili nne nimejibu, na ule muziki wa piano umezunguka mpaka naweza kuupiga mluzi. Kisha sauti ya binadamu: "Asante kwa kusubiri, nikusaidie nini?" Nataja namba ya mkopo. Kimya kidogo, kibodi inagongwa, halafu: "Ngoja nikuunganishe na idara inayohusika." Laini inakatika.

Kama wewe ni dalali wa nyumba hapa Texas, au jimbo lolote la Marekani, na umewahi kushika faili la shoti seli, huhitaji kusimuliwa zaidi. Kwa asiyejua: shoti seli ni kuuza nyumba kwa bei isiyotosha kulipa deni lake. Mwenye nyumba anadaiwa dola 310,000, soko linasema 265,000, kazi imekwisha au ndoa imevunjika, na badala ya kusubiri nyumba ipigwe mnada anamwomba mkopeshaji apokee pungufu na aachie dhamana, yaani haki yake juu ya nyumba. Muuzaji yupo, mnunuzi yupo, bei ipo. Anayekosekana ni mtu wa tatu asiyeonekana, na bila saini yake hakuna kinachofungwa. Njia ya kumfikia ni namba ya bure: bonyeza moja, bonyeza nne, bonyeza nyota.

Mwanzoni nilidhani ustadi wa kazi hii ni kubahatisha mhudumu mwenye huruma. Nilikosea. Simu haiamui kitu. Kinachoamua ni karatasi zilizokamilika ndani ya faili. Simu ina kazi mbili tu: kuhakikisha karatasi zimefika, na kuacha alama kwamba ulipiga. Ukiipiga ukitaka hayo mawili, utakata simu ukiwa na kitu mkononi hata siku ambayo jibu ni "bado".

1. Jua nani ameshika kisu

Kampuni iliyoandikwa kwenye bili ya kila mwezi mara nyingi si mwenye pesa. Ni msimamizi wa mkopo: anakusanya malipo, anatuma barua, anapokea simu. Mwenye mkopo anaweza kuwa Fannie Mae au Freddie Mac, zile kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba, au wawekezaji walionunua mikopo kwa jumla. Au mkopo umewekewa bima na FHA, idara ya shirikisho ya bima ya mikopo ya nyumba, au una dhamana ya VA, ile idara ya wanajeshi wastaafu. Kila mmoja ana masharti yake, na mhudumu unayeongea naye hawezi kuyapindisha hata akikupenda vipi.

Fannie Mae na Freddie Mac zote mbili zina ukurasa mtandaoni ambako mwenye nyumba anaingiza taarifa zake na kuambiwa kama mkopo ni wao. Ni kazi ya dakika tano. Mfanyishe mteja siku ileile anayosaini mkataba na wewe.

Halafu kuna bima ya mkopo. Mteja aliyenunua kwa malipo ya awali chini ya asilimia 20 huenda ana kampuni ya bima nyuma yake, nayo ina kura. Nimewahi kungoja wiki saba kwenye faili moja nikiambiwa "iko kwenye ukaguzi", kumbe ukaguzi wenyewe ulikuwa wa kampuni ya bima. Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza tu. Siku hizi simu yangu ya kwanza ina swali hili: "Mwekezaji ni nani, kuna bima ya mkopo, na nyinyi mna mamlaka ya kuamua au mnapeleka kwake?" Kwa kawaida majibu yapo kwenye skrini ya mhudumu.

2. Idhini, na majina yetu

Bila barua ya idhini ya mteja kusajiliwa kwenye mfumo wao, wewe kwao ni mpita njia. Barua iwe na majina ya wakopaji wote, namba ya mkopo, anwani ya nyumba, jina lako na la ofisi yako, jina la mtu wa kampuni ya hatimiliki atakayefunga mauzo, saini na tarehe. Tuma, subiri siku mbili tatu za kazi, ndipo upige kuuliza kama inaonekana. Kupiga saa moja baada ya kutuma ni kujitafutia hasira bure. Hati nyingi huchukua siku kupandishwa kwenye faili.

Sasa majina. Sisi tunaohudumia wateja wa Afrika Mashariki tuna tabu ya ziada. Jina kama Mwanahamisi linaweza kukatwa vipande viwili kwenye mkopo, jina la baba likageuka la ukoo, Mohamedi wa kitambulisho akawa Mohammed wa hati ya nyumba. Barua ya idhini ikiwa na herufi moja tofauti na mkopo, inaweza kurudi. Nakili jina kutoka kwenye bili ya mkopo kama lilivyo, makosa yakiwemo, kisha chini yake ongeza "anayejulikana pia kama" na jina sahihi. Na jizoeze kutaja herufi kwa mtindo wao, M kama Michael, W kama William, bila kusitasita. Wewe kigugumizi, yeye kigugumizi, dakika kumi zimekwenda.

Idhini ikigoma kuonekana, unganisha simu ya watu watatu na mteja atoe ruhusa kwa mdomo. Lakini mwandae kwanza. Nilikuwa na mteja, mama mmoja wa Tanga, muuguzi wa zamu za usiku.

"Shikamoo mama. Niko na mtu wa mkopo kwenye laini. Atakuuliza anwani na namba nne za mwisho za Social Security. Mjibu hilo tu, usiongeze."

"Marahaba mwanangu. Ndo natoka zamu, wambie waseme polepole."

Akajibu vizuri. Kisha mhudumu akauliza, kwa upole kabisa, kama angeweza kulipa chochote leo. Mama kwa haya akasema atajaribu Ijumaa. Neno hilo moja likaandikwa kwenye faili kama ahadi ya malipo, na ilipofika Jumatatu bila pesa, likawekwa kama ahadi iliyovunjwa. Nilitumia simu mbili nzima kueleza kwamba mtu anayeomba kuuza nyumba kwa sababu ya shida hakuwa na maana ya kulipa. Siku hizi ninawaambia wateja mapema: wakikuuliza malipo, sema "nimeomba kuuza, ongea na dalali wangu". Si utovu wa adabu.

3. Tuma pakiti moja, siyo vipande

Hapa ndipo mafaili mengi yanapofia, na simu nyingi za hasira zinapozaliwa. Kwa kawaida pakiti inakuwa na fomu ya maombi (kwa mikopo ya Fannie Mae na Freddie Mac ni Fomu 710), barua ya kueleza shida, hati za mshahara za karibuni, taarifa za benki za miezi miwili, marejesho ya kodi, fomu ya 4506-C ya IRS, mamlaka ya kodi, mkataba wa mauzo wenye saini zote, uthibitisho wa uwezo wa mnunuzi, na hesabu ya awali ya kufunga mauzo kutoka kampuni ya hatimiliki. Hapa Texas mkataba uambatane na nyongeza ya shoti seli ya TREC, tume inayosimamia madalali wa nyumba wa Texas. Nyongeza hiyo ina tarehe ya mwisho ya kupata kibali cha mkopeshaji. Ikipita bila kibali, mkataba unakufa wenyewe. Usiandike tarehe ya matumaini.

Kila ukurasa uandike namba ya mkopo juu na hesabu chini: 12 kati ya 46. Taarifa ya benki yenye kurasa sita itume zote sita, hata ule ukurasa unaosema umeachwa wazi kwa makusudi. Nimeona faili likirudishwa kwa ajili ya ukurasa mtupu. Ukituma kwa faksi, risiti ya faksi ni mali. Ukituma kupitia tovuti yao, piga picha ya skrini inayoonyesha saa.

Halafu karatasi huchacha. Hati ya mshahara uliyotuma Februari, mwezi Aprili huenda ikahesabiwa imekufa. Usingoje waseme. Mimi kila tarehe 5 ya mwezi namwomba mteja hati mpya na kuzipeleka, ziwe zimeombwa au hazijaombwa.

Kwa nini nahangaika hivi na ukamilifu? Tangu tarehe 10 Januari 2014 kanuni za shirikisho za usimamizi wa mikopo zimeliwekea neno "kamili" uzito wa kisheria. Kwa nyumba ambayo mkopaji anaishi mwenyewe, msimamizi akipokea ombi la msaada siku 45 au zaidi kabla ya mnada, anatakiwa ndani ya siku 5 za kazi amjulishe mkopaji kwa maandishi kama ombi limekamilika, na kama halijakamilika, nini kimepungua. Ombi kamili likifika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada, ana siku 30 za kulitathmini, na haruhusiwi kuendelea na mnada huku akiwa hajalitolea uamuzi. Wasimamizi wadogo wamesamehewa sehemu ya masharti haya, lakini wale wenye foleni za saa nzima kwa kawaida si wadogo.

Kwa hiyo swali la "mmefikia wapi?" liache. Litakupatia "ukaguzi" na si kingine. Uliza: "Ombi limehesabiwa kamili tangu tarehe gani, na barua ya kuthibitisha hilo ilitumwa lini?"

4. Siku ya kupiga

Piga asubuhi, dakika chache baada ya wao kufungua, kwa saa za mji walioko wao. Epuka Jumatatu na siku inayofuata sikukuu. Panga simu zote za shoti seli kwenye kipande kimoja cha siku, mara mbili kwa wiki, na kazi ya mikono pembeni: kupanga picha za nyumba, kujaza fomu, kukunja nguo kama unafanyia kazi nyumbani. Mtu anayesubiri bila kazi anapika hasira. Chaji simu. Vaa vifaa vya masikioni. Na mhudumu akipokea tu, kabla ya jambo lolote, sema: "Laini ikikatika, nipigie kwa namba hii." Wengine hawapigi. Wengine hupiga, na hao wameniokolea asubuhi nyingi.

Mtumie pia afisa wa kudumu. Kanuni hizohizo zinamtaka msimamizi ampangie mkopaji aliyechelewa mtu au timu ya kuwasiliana naye, kabla au ifikapo siku ya 45 ya kuchelewa. Omba jina na ekstensheni yake. Likizo atachukua, kazi ataacha, lakini ujumbe wa sauti uliomwachia unahesabika.

Jambo la saa nalo ni letu peke yetu. Nilikuwa naandika kumbukumbu kwa Kiswahili, na saa kwa Kiswahili. Siku moja nikamwambia supavaiza kwa kujiamini kwamba tarehe fulani saa tatu mhudumu wake aliniahidi jibu. Akatafuta rekodi. Simu ya saa tatu mchana, kwa saa zao, hakuna. Nikashikilia, yeye naye akashikilia, mpaka nikagundua kwamba ilikuwa saa tatu asubuhi yetu, yaani saa 9 yao. Niliomba radhi na kukata simu masikio yakiwa ya moto. Tangu siku hiyo kwenye kumbukumbu naandika 9:10 AM hata kama maneno mengine yote ni ya Kiswahili.

5. Ukishampata mtu

Anza na jina na namba ya utambulisho wa mhudumu, kabla hujaeleza shida. Akiwa bado hajachoka na wewe anakupa bila kinyongo. Kisha fuata neno "ukaguzi" mpaka mwisho wake. Hivi ndivyo ilivyokwenda kwenye faili la yule mama:

"Faili liko kwenye ukaguzi."

"Asante. Ukaguzi wenu au wa mwekezaji?"

"Wetu. Hapa imeandikwa tunasubiri taarifa ya benki."

"Ya mwezi gani?"

"Machi."

"Ya Machi nilituma tarehe 14, kurasa sita, risiti ya faksi ninayo, 10:22 AM. Unaweza kufungua hati zilizopokelewa tarehe 14 na 15?"

Kimya. Kibodi.

"Naiona. Iliwekwa kwenye barua nyinginezo. Ngoja niihamishe."

Siku kumi na moja faili lilikuwa limesimama kwa sababu ya karatasi iliyokuwa humohumo ndani. Ningeuliza "mmefikia wapi" na kushukuru, lingekaa kumi na moja nyingine. Na tazama kwamba sikumlaumu. Hakuiweka yeye kwenye barua nyinginezo.

Kabla ya kukata, uliza hatua inayofuata ni ya nani, uliza tarehe ya mnada ipo au haipo, uliza upige tena lini ili ukute kitu kipya. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawafanyi: "Nikusomee nilichoandika." Soma. Akikubali, mwombe aandike vilevile kwenye kumbukumbu za mkopo. Mhudumu anayejua ananukuliwa huangalia skrini mara ya pili. Baada ya hapo tuma imeili au faksi ya mistari mitatu yenye maneno hayohayo, iingie kwenye faili.

Kumbukumbu zangu naandika kwenye kaunta buku la kwaya tatu, lile lenye jalada gumu, ndugu aliniletea kutoka Kariakoo. Vijana ofisini wananicheka, wao wana programu. Programu ni nzuri pia. Muhimu kila simu iwe na mstari wake: tarehe, saa, muda uliosubiri, jina, namba, alichosema, alichoahidi. Muda wa kusubiri usiuache. Ukurasa unaoonyesha saa tisa na dakika arobaini za kusubiri ndani ya mwezi mmoja unazungumza vizuri kuliko sauti ya juu.

6. Hasira

Itakuja. Hasa simu ya tatu ya siku, pale unapoambiwa utume upya pakiti yote kwa sababu mkopo umehamishiwa kwa msimamizi mwingine. (Kisheria msimamizi mpya anapaswa kupokea ombi lilipofikia, pamoja na tarehe zake. Sema hivyo, kwa utulivu. Halafu tuma upya hata hivyo.)

Unayeongea naye ana skrini, ana maneno aliyopewa kusoma, na ana simu nyingine arobaini zinamngoja. Ukimfokea anaandika kwenye faili kwamba umefoka, na mwenzake wa kesho atasoma. Ukihisi damu imepanda, sema ukweli: "Naomba nikupigie tena, nahitaji kuangalia faili langu." Kata. Zunguka nyumba. Afadhali upoteze nafasi kwenye foleni kuliko upoteze jina.

Na usidhani Kiswahili ni kichaka cha kujifichia. Siku moja, nimesubirishwa katikati ya mazungumzo, nikaguna peke yangu: "Hawa watu wananichosha jamani, kila siku wimbo uleule." Sauti ikajibu, lafudhi ya Kivu kabisa: "Pole papa, niko nasikia byote." Hakuwa amebonyeza kitufe cha kusubirisha. Tulicheka wote wawili, nikaomba msamaha, na nikiri kwamba faili lile lilisogea. Ila ningeweza kuwa nimesema neno baya zaidi.

Mteja naye ana hasira zake, na anazimwagia kwako kwa kuwa wewe unapokea simu. Mpe siku maalumu ya taarifa. Mimi ni Alhamisi jioni, hata kama sina kipya. Anayejua atasikia kutoka kwako Alhamisi hapigi usiku wa manane Jumanne.

7. Jumanne ya kwanza ya mwezi

Hapa uvumilivu unakoma na tahadhari inaanza. Texas nyumba hupigwa mnada Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mahali palipotengwa na kaunti, bila kupitia kwa jaji kwa mikopo mingi. Kabla ya hapo mkopaji wa nyumba anayoishi hupewa walau siku 20 za kurekebisha deni, kisha tangazo la mnada hutolewa walau siku 21 kabla: hubandikwa mahakamani, hupelekwa kwa karani wa kaunti, na hutumwa kwa mkopaji kwa barua ya posta iliyothibitishwa (certified mail).

Idara inayoshughulikia shoti seli na idara inayopeleka nyumba mnadani zinaweza kuwa chini ya paa moja zisiongee. Mhudumu wa huku anakwambia "usijali, liko kwenye ukaguzi", na kwa skrini yake anasema kweli. Usimtegemee. Kila mwezi, siku 21 kabla ya Jumanne ya kwanza, tafuta anwani ya mteja kwenye matangazo ya karani wa kaunti. Kaunti nyingi kubwa zimeyaweka mtandaoni. Niliwahi kuikuta nyumba ya mteja pale siku mbili baada ya kuhakikishiwa kwenye simu kwamba hakuna tarehe.

Ukikuta tangazo, hoja ya simu inabadilika. Omba kusimamishwa kwa mnada kwa maandishi, peleka ofa na uthibitisho wa mnunuzi tena siku hiyohiyo, na piga kwa mdhamini anayeendesha mnada (trustee) au ofisi ya wanasheria iliyotajwa kwenye tangazo lenyewe, kwa kuwa wao ndio watakaosoma jina la nyumba pale mahakamani. "Imesimamishwa" ya mdomo haijasimamisha kitu. Na mwambie mteja akaonane na mwanasheria mapema. Wewe huna leseni ya kumshauri kuhusu kufilisika au kesi.

8. Kupandisha suala bila kuchoma daraja

Ahadi mbili zikivunjwa, omba supavaiza. Mpe tarehe, majina na namba tu. Supavaiza akishindwa, mteja aandike barua rasmi ya kudai kosa lirekebishwe, aipeleke kwenye anwani ambayo msimamizi ameitenga kwa barua hizo, ambayo mara nyingi si ile ya malipo. Hiyo nayo ina saa yake: siku 5 za kazi kukiri kupokea, na kwa makosa mengi siku 30 za kazi kujibu. Baada ya hapo kuna malalamiko kwa CFPB, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, ambayo huyapeleka kwa kampuni na kudai jibu. Ambatanisha nakala za kaunta buku. Malalamiko ya kurasa mbili yenye tarehe kumi na moja yana meno. Ya kurasa nane yenye uchungu hayana.

Ila usianzie huko. Dalali anayepeleka malalamiko wiki ya pili anajulikana haraka.

9. Mkadiriaji na mkopo wa pili

Mkopeshaji atatuma mtu kukadiria bei. Usimwachie funguo chini ya zulia. Nenda ukutane naye, una nyumba tatu zilizouzwa karibu, una makadirio ya fundi kwa paa linalovuja. Makadirio yakija juu mno utatumia simu sita kuyapinga. Dakika ishirini mlangoni zingekuokoa.

Kama nyumba ina mkopo wa pili juu yake, mpigie mwenye mkopo huo mapema, siku ileile unayompigia wa kwanza. Yuko mwisho wa foleni lakini mlango haufungwi bila yeye. Kinachobaki kwake ni makombo: mwaka 2012 Fannie Mae na Freddie Mac ziliweka kikomo cha dola 6,000 kwa malipo ya wenye mikopo iliyo nyuma ya wa kwanza. Akidai nyongeza ya pembeni isiyoonekana kwenye hesabu za kufunga, kataa na uondoke. Huo ni udanganyifu, na leseni ni yako.

10. Barua ya kibali ikifika

Usipige vigelegele bado. Soma jina la mnunuzi, bei, kiasi halisi kinachokwenda kwa mkopeshaji, komisheni, na tarehe ya mwisho. Kisha tafuta maneno kuhusu salio. Kuachia dhamana siyo kusamehe deni. California ina sheria tangu 2011 inayomzuia mkopeshaji aliyekubali shoti seli ya nyumba ya makazi kumdai muuzaji kinachobaki. Texas usiitegemee bahati hiyo, msamaha uandikwe kwenye barua. Kama haumo, hii ndiyo simu moja inayostahili saa nzima ya kusubiri. Mteja pia ajue kwamba deni lililosamehewa la dola 600 au zaidi linaweza kumletea fomu ya kodi ya 1099-C, na mtaalamu wa kodi atamwambia kama Fomu 982 inamhusu.

Siku ya kufunga, hakikisha kampuni ya hatimiliki imepata risiti kwamba pesa zimepokelewa kwenye namba sahihi ya mkopo. Wiki chache baadaye ingia kwenye kumbukumbu za kaunti uone kama hati ya kuachia dhamana imesajiliwa. Kama haipo, fungua kaunta buku ukurasa mpya, injika chai, piga.